"Bibi anasahau kupumua": Unachosikia usiku ni habari ambayo daktari hana

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, tunachambua mchicha jikoni, binti yangu wa miaka 10 akaniambia jambo kwa sauti ya mtu anayesema jana mvua ilinyesha.

"Mama, bibi huwa anasahau kupumua."

Nikamuuliza anasahau vipi. Akaacha mchicha, akafumba macho, akanionyesha. Alivuta pumzi ndogo, kisha kubwa, kisha kubwa zaidi mpaka mabega yakapanda. Halafu zikaanza kupungua, ndogo, ndogo zaidi, kisha kimya. Alipofumbua macho alikuwa anacheka. Mimi sikuweza kucheka.

Mama yangu alikuwa na wiki mbili kwetu Dar es Salaam. Alikuja kutoka Korogwe kwa ajili ya kliniki ya moyo, na kama ilivyo kwenye nyumba nyingi, bibi akija analala chumba kimoja na mjukuu. Presha anayo miaka mingi. Miaka mitatu iliyopita aliambiwa moyo wake umetanuka na hausukumi damu inavyotakiwa. Habari za miguu kuvimba tulizijua. Kulalia mito mitatu tulikujua. Chumvi tulishapunguza. Hili la kusahau kupumua hakuna aliyewahi kutuambia, na mama mwenyewe hakulijua, maana linatokea akiwa amelala.

Usiku ule nilikaa pembeni ya kitanda cha binti, taa ya koridoni ikiwaka, simu mkononi, nikahesabu. Kimya cha kwanza sekunde 18. Cha pili 24. Cha tatu 21. Baada ya kila kimya pumzi zilirudi taratibu, zikapanda kama mtu anayepanda ngazi, zikashuka, zikakatika tena. Mzunguko mzima ulichukua kama dakika moja. Mara mbili niliunyoosha mkono nimwamshe, mara mbili pumzi ikarudi kabla sijamgusa.

Wewe unayesoma hapa huenda una mzazi, mwenza au jamaa mwenye tatizo la moyo, naye analala ukuta wa pili. Ndiyo maana naandika.

Daktari wa Dublin alishaliona

Nilichokiona usiku ule si kigeni. Mwaka 1818 daktari John Cheyne, aliyekuwa akifanya kazi Dublin, Ireland, aliandika kuhusu mgonjwa ambaye pumzi zake zilikoma kabisa kwa karibu robo dakika, zikaanza tena polepole, zikapanda na kushuka, kisha zikakoma tena. Mwaka 1854 daktari mwenzake wa mji huohuo, William Stokes, akalieleza jambo hilo katika kitabu chake cha magonjwa ya moyo. Mpaka leo hospitali zinaliita kwa majina yao mawili, Cheyne-Stokes.

Kwa nini moyo uchoke, halafu kinachokatika kiwe pumzi? Daktari alitueleza kwa lugha yake, mimi nikaja kumweleza mume wangu kwa lugha ya nyumbani.

Fikiria mnajaza simtanki la juu kwa pampu. Mmoja yuko juu ya paa anaangalia maji, mwingine yuko chini kwenye swichi. Wakisikilizana vizuri, tangi likijaa pampu inazimwa palepale. Sasa chukulia sauti inachelewa kufika. Wa juu anapiga kelele "zima!", wa chini anasikia tangi likiwa tayari linamwagika. Anazima. Maji yanatumika, wa juu anaita "washa!", wa chini anasikia tangi likiwa limekauka. Kutwa nzima ni kumwagika na kukauka.

Ubongo ndio ulioshika swichi ya pumzi. Unaamua kwa kuangalia kiasi cha hewaukaa kwenye damu, ile hewa chafu tunayoitoa tukipumua. Moyo dhaifu unaipeleka damu polepole, kwa hiyo taarifa inafika ubongoni imechelewa. Juu ya hapo, maji yanayokaa mapafuni yanamfanya mgonjwa apumue kupita kiasi, hewaukaa inapungua mno, na ubongo unaona hakuna haja ya kupumua. Unazima. Ukija kushtuka, hewaukaa imeshajaa, unawasha kwa nguvu zote. Ndiyo zile pumzi kubwa za kupanda ngazi.

Kwa hiyo binti yangu hakuwa mbali sana na ukweli, ila bibi yake hasahau. Anapata habari kwa kuchelewa.

Kuna aina mbili, na haziko sawa

Hiyo niliyoieleza ni ile inayoanzia kwenye ubongo. Ukimwangalia mgonjwa, kifua na tumbo vinatulia kabisa wakati wa kimya, kama vile hana shughuli.

Ya pili inaanzia kooni. Misuli ya koo inalegea, njia ya hewa inajifunga. Hapo kifua na tumbo vinahangaika, vinapanda na kushuka, lakini hewa haipiti, mpaka unasikia mkoromo mkubwa wa ghafla kama wa mtu aliyepaliwa. Hii huwapata zaidi wanene, wenye shingo nene, wanaokunywa pombe kabla ya kulala na wanaolala chali. Ndiyo inayofichwa na ule utani wetu wa "mzee akilala trekta linawaka". Kukoroma peke yake si ugonjwa. Kukoroma kunakokatika, kukafuatiwa na kimya na kupaliwa, hapo si utani tena.

Mtu mwenye moyo dhaifu anaweza kuwa na aina zote mbili, hata katika usiku mmoja. Watafiti wa Toronto, Canada, wameonyesha sababu mojawapo ambayo kila anayemuuguza mgonjwa wa moyo ataielewa haraka: maji yaliyoshuka miguuni mchana kutwa hayabaki huko mtu akijinyoosha kitandani. Yanapanda. Mengine yanakaa shingoni na kuibana njia ya hewa, mengine yanaingia mapafuni. Ile miguu unayoibonyeza jioni ikaacha shimo ina habari na pumzi za saa nane usiku.

Wataalamu huhesabu pumzi kuwa imekatika ikisimama kwa sekunde 10 au zaidi, kisha hutazama imekatika au kupungua sana mara ngapi kwa saa. Chini ya mara 5 si tatizo. Kuanzia 15 ni jambo la kushughulikiwa, 30 na kuendelea ni kali. Mwaka 2007 watafiti wa Ujerumani walichapisha matokeo ya kuwapima wagonjwa 700 wenye moyo dhaifu wakiwa usingizini. Asilimia 76 walikuwa na tatizo la pumzi la aina moja au nyingine. Hao walikuwa wagonjwa wa kliniki wanaotumia dawa zao, si watu waliookotwa barabarani.

Jambo jingine lilinishangaza. Mtu wa kawaida ambaye pumzi zinamkatika usiku husinzia mchana, hata kwenye daladala. Wagonjwa wengi wa moyo hawasinzii hivyo. Wanachoka tu, na sisi tunasema ni uzee, au ni dawa. Huku kila kimya cha usiku kinashusha oksijeni, mwili unashtuka, presha inapanda, na moyo uliotakiwa kupumzika unapigishwa mbio. Mapigo yanaweza hata kuvurugika.

Na usidhani ni habari ya bibi na babu tu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012, uliofuatilia wagonjwa 1,006 waliolazwa kwa moyo kushindwa kufanya kazi katika nchi 9 za Afrika, zikiwemo Kenya, Uganda na Msumbiji, ulikuta wastani wa umri wao ni miaka 52. Chanzo kikubwa kilikuwa presha. Miaka 52 ni mtu mwenye mtoto sekondari. Kuna pia akina mama ambao moyo huchoka mwishoni mwa ujauzito au miezi ya mwanzo baada ya kujifungua. Mzazi aliyetoka kujifungua ambaye hawezi kulala chali, anaamka anahema, miguu inazidi kuvimba badala ya kupungua, asiambiwe ni uchovu wa kunyonyesha. Apelekwe hospitali.

Jinamizi na moyo

Nilipomweleza mama, jibu lake lilikuwa tayari. "Hilo ni jinamizi, mwanangu. Limeanza kunikaba tangu mwaka juzi."

Sikubishana naye. Nilimwomba anielezee linavyomkaba. Akasema anashtuka usiku hana hewa, anaketi, anateremsha miguu, anatafuta dirisha, na inamchukua muda mrefu mpaka atulie.

Hapo ndipo tofauti ilipo. Mtu aliyekabwa na jinamizi kwa maana tuliyoizoea huamka akili, mwili bado umelala. Anaona, anasikia, lakini hawezi kuinua hata kidole, na baada ya muda mfupi inaachia yenyewe. Inatisha, ila kwa kawaida haina madhara. Mgonjwa wa moyo anayeshtuka akihema anaweza kujigeuza, tena anaketi haraka sana, kwa sababu akiketi anapata nafuu. Hayo ni maji yaliyopanda mapafuni. Ni dalili ya zamani inayojulikana katika vitabu vya moyo, na mama alikuwa ameibeba karibu miaka miwili akiiombea dua na kuweka kisu chini ya mto. Dua aendelee nayo. Kisu nilikitoa, maana mjukuu analala hapohapo.

Kumrekodi mama yako amelala

Kuna jamaa wa familia, muuguzi, aliyenishauri nichukue video ya dakika tano, kwa sababu maneno ya "anakata pumzi" daktari huyasikia kwa namna nyingi, ila video haina ubishi. Ushauri mzuri. Utekelezaji wake ukawa kazi.

"Unipige picha nimelala, mdomo wazi, kama maiti?" Mama alikasirika kweli. Nikaacha, na naona nilifanya vizuri kutomrekodi kwa siri. Baada ya siku mbili akaniita mwenyewe, akatoa masharti: kichwa kifungwe kanga, mkwe wake asiione, na isiende kwenye kundi la ukoo la WhatsApp. Nikakubali yote matatu.

Kama utafanya hivyo kwenu, washa taa hafifu, usimulike usoni. Kamera ionyeshe uso, kifua na tumbo kwa pamoja, maana tumbo ndilo linaloeleza kama ni koo au ni ubongo. Acha sauti isikike. Dakika tano hadi kumi zinatosha, na ni vizuri kuchukua saa chache baada ya mtu kulala, si mara tu anaposinzia. Video haitoshi kutoa jibu. Jibu linatoka kwenye kipimo cha usingizi, ambapo mtu hulala amefungwa vifaa vinavyosoma pumzi, mapigo na oksijeni usiku kucha. Si kila hospitali inacho kipimo hicho. Mahali pengine huanza na kile kifaa kidogo cha kubana kidoleni tulichokizoea wakati wa Uviko, ila kinachorekodi usiku mzima.

Kidonge cha maji

Siku ya kliniki daktari aliitazama video mara mbili. Hakuuliza kwanza habari za pumzi. Alimpima mama uzito, akalinganisha na daftari: kilo tatu zaidi ya mwezi uliopita. Akauliza, "Mama, kidonge cha maji unameza saa ngapi?"

Mama akaangalia chini. Nikajua.

Siku ya safari hakukimeza, kwa sababu basi halisimami kila mtu anapotaka. Hilo hata mimi ningemsamehe. Lakini alipofika kwetu hakurudia. Choo chetu kiko ndani, mlango unalia, na kinapakana na chumba chetu. "Nitakuwa natoka usiku kucha kama mwizi, mkwe wangu anasikia?" Wiki mbili mama yangu alikuwa anaficha vidonge kwenye fundo la kanga ili asimsumbue mkwe wake. Na mimi nilikuwa naona miguu imejaa nasema ni joto la Dar.

Daktari hakumgombeza. Alimweleza kwamba nguvu ya kidonge kile huisha baada ya saa sita hivi, kwa hiyo cha kwanza ameze asubuhi na cha pili kabla ya saa nane mchana, usiku alale. Dawa nyingine za moyo akazipandisha kidogo. Akasema pumzi za namna ile, zile za ubongo, mara nyingi ni moyo unaomba msaada, na tiba ya kwanza ni kuutibu moyo wenyewe: dawa zake zote bila kuruka, chumvi chini, presha chini, maji yatoke.

Jioni mume wangu, bila mtu kumwambia, alipaka mafuta bawaba za mlango wa choo.

Mashine si ya kuagiza tu

Kaka yangu alishaanza kuulizia bei za mashine mtandaoni. Namwelewa. Mashine ya kusukuma hewa kupitia kinyago cha puani ilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1981 na Colin Sullivan na wenzake wa Sydney, Australia, na kwa mtu ambaye koo linajifunga inasaidia kweli. Kukoroma kunakoma, oksijeni haishuki, presha nayo inaweza kupungua.

Lakini kwa wenye moyo dhaifu kuna kisa ambacho kila anayefikiria kuagiza mashine akijue. Ilitengenezwa mashine yenye akili zaidi, inayoisikiliza pumzi na kuongeza msukumo pale inapofifia. Ilionekana ndiyo jawabu la pumzi zinazokatwa na ubongo. Ikajaribiwa kwa wagonjwa 1,325 wenye moyo usiosukuma vizuri, nusu wakapewa mashine, nusu wakaendelea na tiba ya kawaida. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Pumzi zilitulia kama ilivyotarajiwa. Ila waliokufa kwa moyo na mishipa walikuwa karibu 30 kati ya 100 kwa waliotumia mashine, na 24 kati ya 100 kwa wasioitumia. Madaktari wakalazimika kuwatafuta wagonjwa wao waliokuwa nazo nyumbani. Utafiti wa baadaye wa mashine ya aina hiyo haukuona madhara hayo, lakini nao haukuonyesha kwamba watu wanaishi zaidi.

Ndiyo maana kujua ni koo au ni ubongo si udadisi wa kitaalamu. Mashine inayomfaa jirani yako mnene anayekoroma inaweza isimfae mama yako kabisa. Kaka aliielewa hesabu hiyo haraka, hela akanunulia mzani.

Mzani una kazi. Mama anapima kila asubuhi akishatoka chooni, kabla ya chai. Ukiongezeka kilo mbili au zaidi ndani ya siku tatu, hayo ni maji, si ugali, na tunapiga simu kliniki bila kungoja tarehe. Kulala kwa ubavu kunasaidia wengi kuliko kulala chali. Mama anapenda ubavu wa kulia, na daktari anasema wagonjwa wengi wa moyo huchagua huohuo wenyewe. Kichwa na kifua viinuliwe pamoja, si shingo peke yake kwa mto mmoja mgumu. Pombe usiku hapana. Na vidonge vya usingizi vya kununua duka la dawa bila cheti, ambavyo shangazi mmoja alituletea kwa nia njema kabisa, vinaweza kulilegeza koo na kuufanya ubongo uchelewe zaidi kushtuka. Tulimshukuru, tukavirudisha.

Kuna usiku wa kutohesabu wala kurekodi. Mtu akihema asiweze kumaliza sentensi hata akiwa ameketi, akikohoa povu lenye rangi ya waridi, midomo ikibadilika rangi, kifua kikibana, akizimia au akianza kuongea visivyoeleweka, mketishe, miguu ining'inie, na mtafute usafiri wa hospitali saa hiyohiyo.

Mama alikaa kwetu miezi miwili. Wiki ya tatu baada ya kliniki kilo zile tatu zilikuwa zimeondoka, mito ikawa miwili, na "jinamizi" halikurudi. Vimya havikuisha. Vilikuwa vichache na vifupi, kipimo cha usingizi bado tumepangiwa tarehe. Sasa yuko Korogwe, anapima uzito wake na kunitumia namba kila asubuhi, namba tupu bila salamu: 64. 64. 63.

Juzi alipiga akaomba kuongea na mjukuu. Nilisikia upande mmoja tu. "Hapana bibi, sasa hivi silali na mtu," halafu akanyamaza kidogo. "Mwambie dada wa huko akuhesabie. Ila muda wa kuhesabu uanze pumzi ikishakata, siyo ikiwa bado inashuka. Mama alikuwa anakosea hapo."